George de Hevesy na Atomu Yenye Kengele

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za atomu, na wengi wao wakilisikia neno hilo hufikiri mara moja juu ya bomu, na juu ya miji miwili ya Japani iliyoteketezwa mwaka 1945. Si ajabu basi kwamba mgonjwa aingiwa na hofu anapoambiwa hospitalini kuwa atadungwa sindano ya dawa yenye mionzi, ili madaktari wapate kuona saratani yake imefika wapi. Wako wanaorudi nyumbani bila kupimwa. Hofu hiyo hatuicheki, maana ina sababu yake. Walakini yafaa kujua kwamba njia hiyo ya kupima haikuzaliwa katika bomu. Yalitangulia bomu kwa miaka zaidi ya 30 majaribio ya kwanza yaliyoileta, nayo yalianza kwa mtu aliyepewa kazi, akashindwa nayo. Leo twapenda kusimulia maisha ya mtu huyo.

George de Hevesy alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, tarehe 1 Agosti 1885, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto wanane. Wazazi wake walikuwa watu wenye mali, wa asili ya Kiyahudi na wa dini ya Kikatoliki. Kijana huyo alisomeshwa katika shule ya mapadre wa Shirika la Piaristi, akamaliza masomo yake huko mwaka 1903. Kisha akaenda kusoma elimu ya juu Budapest, na Berlin, na Freiburg, akapata shahada ya udaktari mwaka 1908. Akafanya kazi Zürich, halafu kwa muda mfupi Karlsruhe, na hatimaye akavuka bahari akaenda Manchester katika Uingereza.

Siku zile Manchester alikuwako Ernest Rutherford, mwalimu mkuu wa elimu ya mionzi. Katika chumba cha chini cha maabara yake yalilundikwa mamia ya kilo ya madini ya risasi, zawadi ya serikali ya Austria, nayo yalitoka katika mawe ya urani ya machimbo ya Joachimsthal. Ndani ya risasi hiyo mlikuwamo kitu chenye mionzi kilichoitwa radiamu D. Rutherford alikitamani sana, lakini wingi wa risasi ulikifunika kisifae kwa kazi. Basi akamwita Hevesy, akamwagiza akitenganishe kitu hicho na risasi.

Hevesy akaifanya kazi hiyo karibu miaka 2. Alijaribu kila njia ya kemia aliyoijua. Aliyeyusha, akachemsha, akachuja, akagandisha, akaanza tena. Mwisho wake hakuweza kutenganisha hata kidogo. Kila ilikokwenda risasi, radiamu D ilikwenda pamoja nayo.

Kwa kijana mgeni aliyetumwa na mwalimu mwenye sifa kubwa, kushindwa namna hiyo si jambo dogo. Angeweza kunyamaza, au kusema kwamba vyombo vilikuwa vibaya. Hevesy hakufanya hivyo. Alikubali wazi kwamba ameshindwa, na baada ya kukubali ndipo akajiuliza swali ambalo mwenye kuona haya hawezi kujiuliza: kushindwa huku kwanifundisha nini? Kama vitu viwili haviwezi kuachana kwa njia yoyote, na kimoja kati yao hutoa mionzi inayoweza kupimwa, basi si kwamba chenye mionzi chaweza kutuonyesha kila mahali aendapo mwenziwe?

Wafugaji wetu wataelewa upesi kuliko wengine. Mchungaji mwenye kundi kubwa hana haja ya kumfunga kila ng'ombe kengele. Humfunga mmoja. Kundi likiingia porini lisionekane tena, yeye husikiliza kengele, akajua kundi zima liko wapi. Lakini hilo lawezekana kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ng'ombe wa kengele hukaa pamoja na wenzake, hula wanapokula, hunywa wanapokunywa. Kama angekuwa na desturi ya kujitenga, kengele yake ingempoteza mchungaji. Ile tabia ya radiamu D ya kutoachana na risasi, iliyomwudhi Hevesy miaka 2, ndiyo hasa iliyoifaa kazi hiyo mpya. Baadaye wataalamu walifahamu sababu yake. Radiamu D ni risasi yenyewe, ila atomu zake zina uzito wa namna nyingine, na mwaka 1913 Mwingereza Frederick Soddy aliziita atomu za namna hiyo isotopu.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1913 Hevesy alikuwa Vienna, katika Taasisi ya Radiamu. Huko alimkuta Friedrich Paneth, ambaye naye alikuwa amejaribu kutenganisha radiamu D akashindwa. Watu wawili walioshindwa kazi moja wakashikamana. Walichanganya radiamu D kidogo na risasi ya kawaida, wakapima ni kiasi gani cha chumvi za risasi kinachoweza kuyeyuka majini. Kiasi hicho ni kidogo mno, hata mizani haikuweza kukipima vizuri, lakini mionzi ilikipima. Hayo yahesabiwa kuwa majaribio ya kwanza ya atomu za kufuatilia.

Kuna kisa kimoja cha siku za Manchester ambacho Hevesy mwenyewe alikuwa akikisimulia katika uzee wake. Alikuwa amepanga katika nyumba moja ambamo wageni walilishwa na mwenye nyumba. Hevesy alishuku kwamba mabaki ya nyama ya Jumapili hurudishwa mezani siku zinazofuata yakiwa yamebadilishwa sura. Mama mwenye nyumba alikana. Basi Jumapili moja Hevesy akaacha nyama kidogo sahanini, akaitia chembe ndogo kabisa ya kitu chenye mionzi. Siku chache baadaye, chakula kilipoletwa, alikipima kwa chombo chake, na chombo kikaonyesha mionzi. Leo hakuna mtu ambaye angeruhusiwa kutia kitu cha namna hiyo katika chakula cha watu, wala sisi hatusifu tendo lenyewe. Twalitaja kwa kuwa laonyesha jinsi wazo lile lilivyokwisha kumwingia. Kilichobadilika sura hata macho yasikitambue, mionzi bado ilikitambua.

Vita Kuu ya kwanza ilimwita Hevesy katika jeshi la Austria na Hungaria. Vita vilipokwisha nchi yake iliingia katika misukosuko ya siasa, na mwaka 1920 akahamia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, katika taasisi ya rafiki yake Niels Bohr. Huko, yeye na Mholanzi Dirk Coster waligundua elementi ya 72, wakaitangaza Januari 1923 kwa jina la hafniamu, kutokana na jina la Kilatini la mji huo. Ugunduzi huo peke yake ungetosha kumpatia mtu jina. Lakini mwaka huo huo Hevesy alikuwa akishughulika na maharagwe.

Alichukua miche ya maharagwe, akatia mizizi yake katika maji yenye risasi iliyochanganywa na risasi ya mionzi. Kisha akaichoma mizizi, mashina na majani mbali mbali, akapima majivu yake. Akaona kwamba risasi nyingi hubaki mizizini, na kiasi kidogo tu hupanda juu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kengele kusikika ndani ya kitu chenye uhai. Mwaka uliofuata, pamoja na wataalamu wawili wa Denmark, Christiansen na Lomholt, aliwatia sungura bismuthi na risasi zenye mionzi, akafuata njia yake mwilini. Haja ilikuwako, kwa maana siku zile madaktari walikuwa wakitibu kaswende kwa dawa za bismuthi bila kujua vizuri dawa hiyo yaenda wapi.

Hapa twapenda msomaji asimame kidogo. Toka sungura hadi mtu ni hatua fupi kwa mwenye haraka, na Hevesy angeweza kuiruka. Hakuiruka. Alijua kwamba risasi ni sumu, na kwamba mwili wa mtu hauna kazi nayo. Kengele iliyofungwa kwa mnyama mgeni asiye wa kundi haiwezi kueleza habari za kundi. Ili kujifunza mwili ulio hai ilitakiwa atomu ya vitu ambavyo mwili wenyewe huvitumia, kama vile maji, fosforasi na chumvi, tena kwa kiasi kisichodhuru. Vitu hivyo vyenye mionzi havikupatikana bado. Basi akangoja miaka 10.

Hatusemi kwamba alikuwa peke yake katika kazi hiyo. Mwaka 1925 huko Boston daktari Hermann Blumgart alidunga kiasi kidogo cha kitu chenye mionzi katika mkono mmoja wa mtu, akapima ni muda gani damu yakifikisha katika mkono wa pili. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini ilipima mwendo wa damu tu, haikuonyesha kazi ya ndani ya viungo.

Katika miaka hiyo Hevesy alimwoa Pia Riis wa Denmark, mwaka 1924, wakapata watoto 4. Mwaka 1926 akarudi Freiburg kuwa profesa. Huko angeweza kuzeeka kwa amani, lakini mwaka 1933 Hitler alishika utawala wa Ujerumani, na watu wa asili ya Kiyahudi wakaanza kuonewa na kufukuzwa makazini. Mwaka 1934 Hevesy aliiacha kazi yake, akarudi Copenhagen.

Mwaka huo wa taabu ndio uliomletea alichokuwa akikingoja. Huko Paris, Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot walionyesha kwamba vitu vya kawaida visivyo na mionzi vyaweza kufanywa viwe nayo. Hali kadhalika, Mwamerika Harold Urey alikuwa amegundua haidrojeni nzito, akampa Hevesy maji yaliyo nayo. Maji hayo hayana mionzi, ila uzito wake huyatambulisha. Hevesy na mwenzake Hofer waliyatumia kufuata njia ya maji katika mwili wa mtu, wakaona kwamba chembe ya maji inyweshwayo hukaa mwilini wastani wa siku 13 hivi kabla ya kutoka.

Mwaka 1935 Bohr alitimiza miaka 50, na rafiki zake walichanga fedha wakamnunulia gramu 0.6 za radiamu. Radiamu hiyo ilichanganywa na beriliamu, ikatoa nyutroni, na nyutroni hizo zikapiga kimiminika chenye salfa. Katika salfa ikapatikana fosforasi yenye mionzi, ambayo nusu ya nguvu zake hutoweka kwa siku 14 hivi. Hevesy na daktari Otto Chiewitz waliwalisha panya fosforasi hiyo. Jambo walilolikuta liliwastaajabisha watu wengi. Mifupa, ambayo wote waliidhani imetulia kama mawe ya ukuta, ilikuwa ikipokea fosforasi mpya na kuiacha ya zamani kila siku, hata katika panya aliyekwisha kukua. Chembe moja ya fosforasi ilikaa katika mwili wa panya kama miezi 2, kisha ikatoka. Mwili ni kama mto. Sura yake ni ile ile, lakini maji yake si yale ya jana.

Ugunduzi huo ndio mlango wa kupima saratani. Ikiwa kila kiungo huchukua vitu kutoka katika damu kwa mwendo wake, basi uvimbe wa saratani, ambao chembe zake huzaana kwa haraka bila kujua mpaka, utachukua vingine zaidi kuliko nyama iliyo jirani yake. Ukitia kengele katika kitu hicho, kengele italia zaidi pale penye uvimbe.

Lakini vita havikumpa Hevesy nafasi. Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Copenhagen. Katika taasisi ya Bohr zilikuwa zimehifadhiwa nishani mbili za dhahabu za Tuzo ya Nobel, za wataalamu Max von Laue na James Franck, zenye majina yao juu yake. Kutoa dhahabu katika Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na nishani hizo zingeonekana, zingemtia Laue hatarini, maana yeye alikuwa bado Ujerumani. Hevesy akazitia katika mchanganyiko wa asidi kali ziyeyuke. Askari waliipekua taasisi, na chupa yenye maji yale ya rangi ikabaki rafuni bila kuguswa. Vita vilipokwisha, dhahabu ilitolewa tena katika maji, na nishani zikafanywa upya. Hata hapo alitumia somo lake la zamani, kwamba kitu kilichotoweka machoni hakikupotea.

Mwaka 1943 ilimbidi kukimbia mara ya pili, safari hii kwenda Stockholm katika Uswidi. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka huo ilihifadhiwa kwanza, akapewa mwaka 1944 kwa kazi yake ya atomu za kufuatilia. Katika miaka hiyo ya vita yeye na Hans von Euler walifuata fosforasi yenye mionzi ndani ya uvimbe wa saratani wa panya, wakaonyesha kwamba uvimbe ukipigwa eksirei, kazi yake ya kutengeneza asidi za kiini hupungua sana. Hivyo watu walianza kuona kwa kipimo, si kwa kukisia, jinsi matibabu ya mionzi yanavyoishika saratani.

Wengine waliipokea kazi hapo wakaiendeleza. Fosforasi ilikuwa na upungufu wake, kwa kuwa mionzi yake hupenya nyama kwa milimita chache tu, haitoki nje ya mwili ikapimwa. Mwaka 1949 madaktari wa Boston waliitumia wakati wa upasuaji wa ubongo, wakiingiza kipimo chembamba hadi penye uvimbe ili kujua mpaka wake. Lakini kwa kumpima mgonjwa bila kumpasua zilitakiwa atomu ambazo mionzi yake hutoka nje. Iodini yenye mionzi ilifaa, kwa sababu tezi la shingo huivuta kwa asili yake. Karibu mwaka 1950 Benedict Cassen wa Los Angeles alitengeneza chombo kinachopita juu ya shingo kwenda na kurudi, kama jembe la kukokotwa shambani, na kuandika alama za mionzi karatasini mpaka sura ya tezi ikaonekana. Katika miaka ya mwisho ya 1950 Hal Anger wa Berkeley alitengeneza kamera inayopokea mionzi ya eneo zima kwa mara moja.

Baadaye ikaja teknetiamu, ambayo nusu ya nguvu zake hutoweka kwa saa 6, hata mgonjwa hakai nayo muda mrefu. Na mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu wa kwanza walidungwa sukari iliyofungiwa fluorini yenye mionzi. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, na kwa ulafi huo hujionyesha zenyewe katika picha. Vipimo vya namna hii vyafanyika leo hata kwetu, kwa mfano katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam na katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi.

Hevesy hakuishi kuyaona yote. Alifariki Freiburg tarehe 5 Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 80, na mwaka 2001 mabaki yake yalirudishwa Budapest alikozaliwa. Aliacha heshima nyingi, lakini twadhani urithi wake mkubwa ni mambo mawili. Kwanza, hakuona haya kukiri kwamba ameshindwa, na kwa sababu hiyo kushindwa kwake kuliweza kuwafaa wengine. Pili, alipokuwa na uwezo wa kuharakisha, alichagua kungoja mpaka ipatikane njia inayouheshimu mwili wa mtu. Vijana wetu wanaosoma sayansi, na walimu wanaowafundisha, na wayatafakari yote mawili.

Nawe msomaji, ikiwa siku moja daktari atakuambia wewe au mtu wa nyumba yako kwamba kipimo cha mionzi chahitajika, usiondoke kwa hofu. Keti umwulize maswali. Mwulize ni dawa gani, ni kiasi gani, na hukaa mwilini muda gani. Mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye na aseme mapema, ili ashauriwe inavyompasa. Dawa hiyo hutiwa kwa kiasi kidogo, nayo hupungua nguvu kila saa ipitayo. Saratani isiyojulikana ilipo haipungui, bali huendelea kukua.